Dhahabu Niliyoisema Kabla ya Kuipima

Mnaniuliza sana siku hizi, nyinyi wanangu, kila mmoja kwa namna yake. Mmoja hunisimamisha nikitoka sokoni Mwanakwerekwe na kikapu mkononi, mwengine hunipigia simu ati ananijulia hali, na hali yenyewe haichukui hata dakika moja. Swali ni lile lile: Bi Rukia, nna visenti vyangu nimeviweka, ninunue dhahabu gani? Bangili, sarafu, au vile vipande vinavyokuja vimefungwa kwenye plastiki?

Nawajibu kwa maandishi, maana nimechoka kusema njiani. Kwanza mjue nani anayewajibu. Mimi sikusoma mambo ya fedha. Nimekaa miaka thelathini na mitatu katika duka moja la sonara Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho vespa ikipita mwenye miguu lazima apande barazani. Niliingia kufagia na kufuta vioo. Nikatoka mpimaji. Mtu akileta dhahabu kuuza, au akitaka kujua alichonacho ni nini, aliletwa kwangu, nami ndiye niliyesema hii ni kitu na hii si kitu.

Aliyenifundisha ni mwenye duka, Fundi Mansukh, Mhindi aliyezaliwa ghorofani juu ya duka hilo hilo na kusema Kiunguja kuliko sisi wengine. Hakuwa na maneno mengi. Mwezi wangu wa kwanza wa kujifunza hakunionyesha hata mizani. Alinikalisha juu ya kibao, akaniambia nifumbe macho, akawa ananitia vitu mkononi: kipande cha shaba, pete, sarafu, kipande cha fedha, tena sarafu. Nikikosea anacheka kidogo puani, anakirudisha.

"Jicho linapenda rangi, Rukia," aliniambia. "Mkono haujui rangi. Usikilize mkono kwanza."

Baada ya hapo ndipo likaja jiwe jeusi la kusugulia. Unaisugua dhahabu juu yake mpaka ibaki alama, unatia tone la tindikali, unatazama alama ile inabaki au inapotea. Tindikali yenyewe ilinifunza adabu, maana kanga yangu ya Idi iliingia matundu kumi kwa siku moja, na mama aliamini ni panya mpaka alipofariki. Mwisho kabisa Fundi alinifundisha kupima ndani ya maji, na hilo ndilo alilokuwa akilirudia kila mara. Kila kitu kikubwa, alisema, lazima kiingie kwenye maji kabla hujafungua mdomo.

Sasa swali lenu. Bangili na mkufu ni pambo. Vaeni, pendezeni, lakini msijidanganye kuwa mmeweka akiba yote mliyoitoa. Mlipokuwa mkinunua mlilipa dhahabu na mkalipa ujira wa fundi aliyeitengeneza. Siku mtakayouza, sonara ananunua dhahabu peke yake. Ule ujira umeshakwenda. Nimewaona wanawake wakilia mbele ya meza yangu kwa jambo hili, na kumbe hakuna aliyewaibia.

Ukitaka akiba, chukua sarafu au kipande. Kipande ni kile kinachoitwa pia kinoo, kimepigwa mhuri wa kiwanda, uzito na usafi wake, na vingi vina namba zake. Kipande kikubwa huwa rahisi kidogo kwa kila gramu kuliko kidogo, kwa sababu kazi ya kukitengeneza ni moja. Lakini kipande kikubwa hukikati nusu siku ukitaka ada ya skuli. Kwa hivyo watu wenye kipato kama chetu mimi niliwaambia wachukue vidogo vidogo, gramu tano, gramu kumi, wavumilie ile tafauti. Sarafu nazo nzuri, hasa zile zinazojulikana dunia nzima, za wakia moja, yaani gramu thelathini na moja na kitu, au nusu au robo, maana popote utakapokwenda sonara anaitambua. Nyengine ni karati ishirini na nne, laini sana. Nyengine ni ishirini na mbili, ngumu kidogo, nyekundu kidogo, na wala hazina kasoro. Uzito wa dhahabu safi iliyomo ndio unaoulipia.

Na msizichezee. Bibi zetu walikuwa wakizitia sarafu kikuku, kile kipete cha kupitishia mkufu, ili wazivae shingoni, na kila iliyotiwa moto ikashuka thamani. Mteja wangu mmoja alizisugua sarafu zake kwa dawa ya meno kila Ijumaa, mpaka kile kichwa cha mfalme kikabaki hakina pua. Mwengine alikifungua kipande kwenye plastiki yake ili mama mkwe wake akishike vizuri. Mama mkwe alifurahi sana. Mimi ilinibidi nikipime upya kama kitu kilichookotwa.

Ukiingia dukani usiulize bei tu. Uliza hivi: nikikurudishia kesho asubuhi, utaninunulia kwa bei gani? Jawabu la swali hilo litakwambia zaidi kuliko ukuta mzima wa vioo na taa. Na chukua risiti yenye uzito, karati na namba. Zaka nayo ipo, hilo muulizeni sheikh, mimi si mahali pangu.

Hayo yote niliyajua vizuri, na watu walinisifu kwa kuyajua. Ndiyo maana nataka kuwahadithia siku niliyokosea.

Fundi Mansukh alikuwa ameshafariki. Duka lilikuwa la mwanawe, Dilip, kijana mzuri, mwenye haraka. Alinunua mashine. Unaiweka dhahabu ndani ya kisanduku chake, unafunga mfuniko, baada ya nusu dakika inaandika kwenye kioo: dhahabu kadha, fedha kadha, shaba kadha. Sikusugua tena kwenye jiwe, sikutia tindikali. Kanga zangu zikapona. Mwanzo niliionea wivu ile mashine, kisha nikaipenda kama mtu anavyompenda mkwe mwenye gari.

Siku moja akaja Bi Kazija, mwanamke wa Uroa, pwani ya mashariki, rika langu, mkulima wa mwani. Nilikuwa nikimfahamu tangu miezi kabla, alipokuja mara ya kwanza kuuliza bangili. Yeye na ndugu zake walikuwa wameuza shamba la marehemu baba yao lililo karibu na pwani, kwa watu wa hoteli. Fungu lake alilipata, akalikalia kimya. Alikuwa mjane, ana binti mmoja, na miguu yake ilishaanza kukataa maji ya baharini. Mara ile tulizungumza sana. Nilimtoa kwenye bangili nikampeleka kwenye vipande, akanishukuru, akasema ataenda kufikiri.

Safari hii alikuja na kipande tayari, kimefungwa ndani ya leso. Kilikuwa cha tola kumi, ile saizi ya zamani wanayoipenda wafanyabiashara wa Bara Hindi na Uarabuni, gramu mia na kumi na sita na kitu. Alinieleza kuwa amekinunua kwa mtoto wa kaka yake, Makame, aliyekipata kwa mtu wa bara anayetoa dhahabu machimboni. Bei yake ilikuwa chini ya bei yetu kwa kiasi kikubwa. Vyengine vinne vilikuwepo, na Makame angemletea kesho yake jioni. Akivichukua vyote, fungu lake lote la shamba litakuwa limeingia humo. Alitaka nimwambie tu kama ni dhahabu.

Ilikuwa msimu wa harusi. Dukani palikuwa na mabibi harusi watatu na mama zao, na Dilip alikuwa akiniita kila dakika. Nilikishika kile kipande. Nilikipima uzito, uzito sawasawa. Nikakitia kwenye mashine, mashine ikaandika dhahabu safi. Nikamwambia Bi Kazija, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Ni dhahabu."

Akakifunga tena kwenye leso yake, akanibusu mkono, akaenda zake.

Asubuhi ya pili nilikuwa nyumbani nachambua mchele. Nilichota konzi, na katika kuchota nikakumbuka kuwa kile kipande jana kilinijaa mkononi. Vipande vya tola kumi nilivishika vingi enzi za Fundi, na vyote vilikuwa vidogo kwa namna ya kushangaza, kama vile uzito umejificha. Hiki kilikuwa kinene. Mkono wangu uliniambia jana, na mimi niliutazama ule mwandiko wa mashine nikaunyamazisha.

Mashine ile, wanangu, inasoma ngozi. Haioni nyama. Ukikipaka kitu dhahabu nene ya kutosha, itakusomea dhahabu, na haikudanganyi, umeiuliza juu ya ngozi imekujibu juu ya ngozi. Na mimi nilijua hivyo. Yule aliyekuja kuifunga alitueleza siku ya kwanza.

Nilikwenda dukani nikamwambia Dilip. Alinisikiliza huku akifungua makabati. Akaniambia kile kipande si chetu, hatukukiuza sisi, hatukuandika risiti wala kuchukua ujira, na kama nitaanza kuwafuata watu makwao kuwaambia tulikosea, kesho nani atatuamini? Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na watu kumi wanaokula kwenye duka lile, mimi nikiwa mmoja wao. Nikamwambia naomba ruhusa ya siku moja, na naomba mizani ndogo ya betri. Akaitoa yeye mwenyewe kwenye droo, akanifungia kwenye karatasi.

Nilifika Uroa maji ya bahari yametoka. Nyumbani kwa Bi Kazija wakaniambia yuko kwenye mwani. Nikavua viatu, nikakunja buibui, nikaenda huko huko, nikikanyaga vitu laini nisivyovijua na kupiga mayowe ya kimjimji. Aliniona kwa mbali. Alikuwa ameinama kwenye kamba zake, maji yamemfika kwenye mashavu ya miguu, na nilipokaribia alikuwa anacheka.

"Umekuja kulima mwani, Bi Rukia?"

"Nimekuja kukwambia kuwa jana nilisema neno nisilolijua," nikamwambia.

Nikamweleza pale pale, nimesimama majini. Kwamba sikukipima kama inavyotakiwa. Kwamba inawezekana ni dhahabu na inawezekana si dhahabu, lakini mimi nilimwambia ni dhahabu kabla ya kujua. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliinama tena akaufunga ule mche wa mwani aliokuwa nao mkononi, akafunga na wa pili, kisha akanyanyuka akatangulia kuelekea nyumbani.

Jikoni kwake tuliweka mizani juu ya meza, na juu ya mizani tukaweka bakuli la maji. Njia yenyewe ni nyepesi, na nawapa nyinyi bure. Ukishaweka bakuli la maji, unaibonyeza mizani irudi sifuri. Kisha unakifunga kipande uzi mwembamba na kukining'iniza ndani ya maji, kizame chote lakini kisiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma kitu. Hicho ndicho kiasi cha maji kilichosukumwa na kipande. Chukua uzito wa kipande kikiwa kikavu, ugawe kwa namba hiyo. Dhahabu safi itakupa kumi na tisa na kitu. Ya karati ishirini na mbili itakupa kumi na saba, karibu na kumi na nane. Kipande cha tola kumi cha kweli lazima kisukume gramu sita na kitu kidogo tu.

Kile kilisukuma zaidi ya kumi.

Bi Kazija aliuliza ilitakiwa iwe ngapi. Nikamwambia sita. Akanitaka nirudie. Nikakikausha, nikakifunga upya, ikaja ile ile. Akanitaka nirudie tena. Kisha akafanya jambo ambalo sonara wengi wasingelifikiria: alivua bangili yake ya harusi, aliyopewa na marehemu mumewe na aliyoijua dhahabu yake tangu ujana, akaifunga uzi yeye mwenyewe, akaitia majini. Akachukua simu yake akagawa. Ikatoka kumi na saba na nusu na kitu.

"Basi mizani haina makosa," alisema. Akaivaa tena bangili yake, akaenda dirishani akasimama.

Mimi nilikuwa nangoja anitukane. Ingekuwa haki yake. Lakini alichoniuliza, bila ya kugeuka, ni kwa nini jana nilisema ni dhahabu. Nikamwambia kwa sababu mashine ilisema, na dukani palikuwa na watu, na nilipenda alivyokuwa akiningojea niseme. Hilo la mwisho sikupanga kulisema. Lilitoka. Aligeuka akanitazama, akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyelipwa alichokuwa akikidai.

Tukakaa tukimngoja Makame. Naungama kwamba nilikuwa nimeshamhukumu. Nilitaka hata tuwaite majirani mapema, akamatwe na ushahidi wake. Bi Kazija akakataa. Alisema huyu ni mtoto wa kaka yake, atamsikia kwanza.

Makame alikuja baada ya Alasiri, mtu wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, mkoba begani. Akanipa shikamoo, nikamuitikia marahaba kwa sauti baridi. Akamwamkia shangazi yake, akakaa mkekani, akatoa vipande vinne vilivyofungwa kila kimoja kwenye kitambaa chake. Alivipanga kwa uangalifu, kama mtu anayepanga mayai.

Bi Kazija hakumlaumu kwa neno lolote. Alimwambia kuna kipimo tumejifunza leo, na angependa akifanye yeye Makame kwa mkono wake. Akampa uzi. Akamweleza namba ya kweli ni ngapi. Makame akafunga cha kwanza, akakitia majini, akasoma. Alidhani amekosea, akarudia. Akafunga cha pili. Kwa cha tatu hakuweza kupiga fundo. Hicho na cha nne alivifunga shangazi yake, na namba ikawa ile ile.

Halafu akasema, "Shangazi, mimi nimeuza kiwanja changu."

Ndipo tulipojua. Hakuwa mwizi. Alikuwa na kiwanja alichokinunua kidogo kidogo upande wa Mwanakwerekwe, akiwa na nia ya kujenga, akakiuza ili anunue vipande vitano. Angeuza kwa faida ndogo, angeagiza vyengine, baada ya mwaka angekuwa na viwanja viwili. Aliyemuuzia alimpeleka na kipande cha kwanza kwa sonara mmoja huko bara, na sonara akasema ni dhahabu. Labda alikipima kama nilivyopima mimi, au kile cha kwanza kilikuwa cha kweli. Yule mtu alimwambia bei ni ndogo kwa sababu haina karatasi. Makame alikuwa na aibu kuieleza sehemu hiyo. Wanangu, hakuna anayeuza dhahabu chini ya bei yake kwa sababu amekupenda. Sonara yeyote wa dunia hii angemnunulia kwa bei ya siku ile ile. Akija kwako, jiulize kwa nini hakwenda kwake.

Makame akafungua mkoba, akatoa bahasha ya pesa alizolipwa na shangazi yake kwa kipande cha kwanza, bado imefungwa kwa ule mpira aliouweka shangazi mwenyewe. Alikuwa amezihifadhi kuagizia mzigo wa pili. Akaziweka mbele ya Bi Kazija. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa. Alisema wapo wageni hotelini, wengi hununua vitu hivi, hawana mizani, kesho kutwa wanapanda ndege. Angeweza kurudisha kiwanja chake ndani ya wiki.

Aliongea huku akitazama chini. Sidhani kama alikuwa anatuomba ruhusa. Nadhani alikuwa anajisikiliza.

Bi Kazija alitoka nje. Akarudi na msumeno wa chuma alioazima kwa jirani anayetengeneza milango. Akaweka juu ya mkeka kile kipande chake mwenyewe na vile vinne, akamsukumia Makame msumeno.

"Kata," akamwambia. "Vyote. Ili hata shetani akija usiku asikute kitu cha kukuonyesha."

Makame alikata. Ilichukua muda. Kipande cha kwanza kilipofunguka tukaona, juu rangi ya dhahabu nyembamba kama ganda la yai, na ndani madini ya risasi, kijivu, laini, kama vile vizito wanavyovitia wavuvi kwenye nyavu. Akakata cha pili na cha tatu. Jasho lilikuwa linamtoka na hakujifuta. Nilikuwa nimemwita mwizi moyoni mwangu saa mbili kabla, na sasa nilikuwa namshikia kile kipande kisiteleze. Alipomaliza cha tano aliweka msumeno chini, akainamia magoti yake, na shangazi yake akamwekea mkono mgongoni mpaka alipotulia.

Taarifa ilipelekwa panapohusika, lakini yule mtu wa bara alikuwa na simu isiyopokelewa na jina ambalo huenda halikuwa lake. Makame alirudi kwenye kazi yake ya bustani hotelini, na kwa muda alikuwa hatazami watu usoni. Miaka iliyofuata alijijenga tena, taratibu. Kiwanja alichonacho leo kiko mbali zaidi kuliko kile, na yeye husema kina upepo mzuri.

Dukani nilimweleza Dilip yote. Aliniuliza kama yule mama alitukasirikia. Nikamwambia anakuja wiki ijayo kununua. Alidhani namtania.

Bi Kazija alikuja kweli, na hakununua vyote kwa mkupuo. Alinunua kidogo, akaondoka, akarudi mwezi mwengine, kwa sababu bei ya dhahabu hupanda na kushuka na hakuna anayejua kesho, hata wale wanaosema wanajua. Alichagua vipande vya gramu kumi na vya tano, na sarafu tatu za nusu wakia. Kila alichochagua alikipima mwenyewe kabla ya kulipa, hapo hapo juu ya meza, vile vya kwenye plastiki kwa unene na upana dhidi ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi zake, na sarafu kwenye maji. Wateja wengine walitazama. Dilip alikunja uso siku ya kwanza. Siku ya pili mama wa bibi harusi mmoja akauliza kama na yeye anaweza kupimiwa namna hiyo, na siku ya tatu Dilip akanunua bakuli zuri la kioo kwa kazi hiyo.

Kwamba kuna madini mengine mazito karibu sawa na dhahabu, ambayo maji hayayatambui, hilo pia nilimwambia Bi Kazija, ili asijione ameshajua yote. Matapeli wakubwa huyatumia kwenye vipande vikubwa. Kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Pima, tazama mhuri, na nunua kwa mtu ambaye utamkuta mahali pale pale mwaka ujao. Na ukishanunua usiseme. Jirani yangu mmoja alificha sarafu zake kwenye kopo la unga, akasahau, akamuazima kopo hilo shemeji yake wa mlango wa pili. Walipata sarafu zote, lakini mtaa mzima ulijua.

Nilikuwa nimebakisha miezi michache kustaafu nilipomuona tena Bi Kazija mlangoni. Binti yake alikuwa mgonjwa, anatakiwa kupasuliwa, na alihitaji kusafirishwa bara haraka. Alikuwa ametulia, lakini kitambaa cha kichwani alikifunga upande. Akatoa vipande vinne vya gramu kumi na risiti zake, kila moja na namba yake. Nikavitazama, nikavipima, nikaitazama bei ya siku ile, nikamwandikia. Dilip akaleta pesa. Haikufika robo saa.

Bi Kazija alibaki amekaa, mkono juu ya bahasha.

"Basi?" akaniuliza.

"Basi."

Alikuwa amejitayarisha kwa siku nzima ya maneno, ya kuambiwa njoo kesho, ya kubishana na kushuka bei. Alikuja hata na chakula chake ndani ya kibakuli chenye mfuniko, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, ili asije akazidiwa na njaa katikati ya vita. Boti ya binti yake ilikuwa ya jioni. Muda ulikuwepo. Akafungua kile kibakuli juu ya meza yangu ya kupimia, akasogeza mizani pembeni, na tukala pamoja, bila ya haraka, mpaka tukakimaliza.